Darasa la Jumamosi la kuandika petisheni na barua za kisheria, Mlango Mmoja Mwanza: wiki nane zangu

Nimemaliza Jumamosi iliyopita na nimeona niandike sa hivi kabla sijasahau, manake mimi mwenyewe kabla ya kulipa nilitafuta mtu anielezee hili darasa likoje nikakosa, kila niliyemuuliza alinijibu tu "zuri, nenda". Sasa zuri kivipi, mtu unatoa elfu tisini yako unataka kujua unaenda kukaa na nani na unatoka na nini.

Kwa asiyelijua, ni darasa la kuandika nyaraka za mahakamani (petisheni, yani ombi rasmi kwa mahakama kama la talaka, viapo na kadhalika) na barua za kisheria. Linafundishwa na wakili mmoja, mama wa makamo, amefanya kazi Mwanza miaka mingi, chumba kipo ghorofa ya pili juu ya steshenari maeneo ya Mlango Mmoja, ukishuka kwenye daladala za Igoma unatembea dakika tatu tu. Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Tulikuwa watu 22, wengi wanasoma LLB (digrii ya sheria) mwaka wa tatu na wa nne, wachache tumemaliza tunasubiri kwenda Law School Dar kusomea uwakili, na wasaidizi wa kisheria wawili, kaka mmoja wa Magu na dada mmoja wa Sengerema, ambao kiukweli ndo walitufundisha mengi kuhusu watu wanaongeaje wakija na shida.

Naanza na kilichonipeleka maana bila hicho hamtaelewa kwanini nalisifia hivi.

Mwaka jana nilikuwa najitolea kwenye ofisi moja ya mawakili. Akaja mzee mmoja kutoka Ukerewe, ishu yake ya shamba, alikuwa amechelewa kukata rufaa anataka kuomba kuongezewa muda. Nikaambiwa andaa kiapo, yani maelezo ya maandishi ambayo mteja anaapa kwamba ni ya kweli. Nikafanya kama nilivyoona wote wanafanya, nikafungua kompyuta ya ofisi nikatafuta kiapo cha zamani kinachofanana nikabadilisha majina, tarehe, namba ya kesi, nikaprinti, mzee akaapa, kamishna wa viapo akagonga muhuri akasaini. Siku ya kusikilizwa wakili wa upande wa pili akasimama na pingamizi la awali, kwamba pale chini panapoandikwa kiapo kimeapwa wapi na lini, pameandikwa Dar es Salaam, wakati kamishna aliyesaini ofisi yake ipo Mwanza na mzee hajawahi kufika Dar maisha yake yote. Kile kiapo nilichokopi kilikuwa cha mteja wa Dar. Mimi sikuona, kamishna hakuona, bosi hakuona. Maombi yakaondolewa mahakamani. Mzee alikuja na meli ya Nansio, amekaa benchi la nyuma na kofia yake mkononi, tukatoka nje akaniuliza "mwanangu, sasa shamba limeenda?" Nikamwambia hapana mzee, tutaleta upya, lakini kuleta upya manake siku zimezidi kuongezeka na zote inabidi uzieleze, na nauli, na gharama za yule mwenzake. Ile sauti yake sijaisahau mpaka leo.

Kifungu nilikuwa nakijua! Hicho ndo kinauma. Sheria ya Wathibitishaji wa Hati na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, kamishna lazima aonyeshe kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Nilishakijibu kwenye mtihani nikapata maksi zangu. Ila kukijua kwenye mtihani na kukiona kwenye karatasi iliyo mbele yako saa kumi jioni bosi anasubiri ni vitu viwili tofauti kabisa, na chuoni mimi nilipitia kozi ya uandishi wa nyaraka kwa kusikiliza mihadhara tu, semista nzima niliandika hati moja, nayo tuliandika kwa grupu la watu kumi, mnajua grupu la watu kumi linavyofanya kazi.

Na sio mimi peke yangu mwenye hiyo hali. Mnakumbuka 2022 yale matokeo ya Law School yaliyotikisa nchi, watu 633 halafu waliofaulu moja kwa moja 26, mpaka aliyekuwa waziri wa sheria, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe kuchunguza. Kila mtu alitoa sababu yake, mimi siwezi kusema ya nani ndo sahihi, ninachojua ni kwamba nilivyoyasoma nilijiona mule ndani.

Basi turudi darasani.

Jumamosi ya kwanza nilienda na Sura ya 33 yangu (sheria ya mwenendo wa kesi za madai) imewekwa alama za rangi, nimejiandaa kwa Oda ya saba ruli ya kwanza, ile ya vitu vinavyotakiwa kuwemo kwenye hati ya madai. Mwalimu (wote tunamuita Mama Wakili tu) hakugusa sheria hata kidogo. Alimwambia yule dada wa Sengerema akae mbele awe mteja, akampa kikaratasi cha hadithi akaisome pembeni, halafu sisi tumhoji. Hadithi ya mama aliyeolewa na mvuvi, wamejenga Igoma, mume amehamia visiwani anaishi na mwanamke mwingine, hatumi matumizi, watoto wawili. Yule dada aliigiza vile vile wanavyokuja, anaanza na "mwangaluka" ile salamu ya Kisukuma, anaanza kulia, anaanzia harusi ya mwaka gani sijui, anaruka anaongelea shemeji yake aliyemtukana, anarudi kwenye bati. Tukahoji saa nzima. Tulivyomaliza Mama Wakili akauliza maswali matano tu. Huyo mume aliondoka tarehe ngapi? Ndoa ilifungwa wapi na kwa taratibu gani? Watoto wana umri gani? Walishaenda baraza? Nyumba ilijengwa kwa hela gani?

Watu 22, saa nzima, na hakuna aliyekuwa na tarehe ya mume kuondoka. Tulikuwa na shemeji aliyetukana tunamjua mpaka jina la ukoo.

Halafu ndo akafungua Sheria ya Ndoa. Kumtelekeza mwenzako ni moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ila kifungu cha 107 kinataka iwe angalau miaka mitatu, kwahiyo mtu akikwambia "ameniacha miaka mingi" wewe hujapata kitu bado, miaka mingi inaweza kuwa miwili na nusu. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na 106 kinataka hati ya baraza iambatane na petisheni na iwe haijazidi miezi sita tangu itolewe. Alitupa na hati ya kufanyia zoezi, yeye mwenyewe kaiandaa, tukaipokea tukaibandika nyuma ya petisheni zetu tukampa. Ilikuwa ya miezi minane. Watatu tu ndo waligundua. Mimi sikuwemo kwenye hao watatu na niliumia sana, nilihisi kabisa yule mzee wa Ukerewe amekaa nyuma yangu.

Nataka niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu kwasababu hiki ndo thamani ya lile darasa kwangu. Hii ni aya niliyoandika mimi wiki ya pili kwenye petisheni:

"Kwamba mjibu maombi ni mtu katili asiye na utu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimfanyia mleta maombi vitendo vya kikatili na udhalilishaji vilivyokithiri kinyume cha sheria na misingi ya haki za binadamu."

Niliipenda. Nikaisoma kwa sauti nimesimama, manake kule kila mtu anasoma yake kwa sauti na huruhusiwi kueleza chochote, hakimu akisoma chemba wewe haupo kumwambia nilimaanisha hivi. Mama Wakili akauliza wenzangu, mmeona nini? Kimya. Akasema fumbeni macho asome tena, mniambie picha gani imekuja. Hakuna picha. Akasema "mwanangu, umemhukumu mume wa watu na hujaniambia amefanya nini. Hukumu sio kazi yako, ni ya mheshimiwa. Wewe mpe ya kuhukumia."

Nikaenda kuandika tena, mara nne. Mwisho ikawa hivi:

"Kwamba tarehe 14 Machi 2022 majira ya saa mbili usiku, nyumbani kwao Igoma, mjibu maombi alimpiga mleta maombi kwa fimbo kwenye mkono wa kulia. Mleta maombi aliripoti polisi usiku huohuo, akapewa fomu ya polisi ya matibabu (PF3) na kutibiwa. Nakala ya PF3 imeambatishwa kama kiambatisho A-2."

Hakuna neno katili humo, hakuna haki za binadamu. Ila nikaisoma dada mmoja nyuma akasema "uwiii". Nilielewa siku hiyo kitu ambacho miaka yote ya chuo sikukielewa, kwamba nguvu ya petisheni ipo kwenye tarehe na fimbo na mkono wa kulia, na kwamba ile lugha kubwa tunayoipenda ndo inampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kuandika "inakanushwa" akaenda zake kunywa chai. Kukanusha tarehe 14 Machi saa mbili usiku na PF3 ipo hapo inabidi ufanye kazi.

Na ile ishu ya nyumba pia. Wengi tuliandika "nyumba ilipatikana wakati wa ndoa, mleta maombi anaomba igawanywe nusu kwa nusu". Akatuuliza mchango wake nini? Tukasema alikuwa mama wa nyumbani. Hapo akatupa kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ya Mahakama ya Rufani 1983, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ambayo wote tuliijua, kila mwanafunzi wa sheria nchi hii anaijua, lakini akasema kuijua hiyo kesi haikuandikii aya. Mteja wako amefanya nini kwa mikono yake? Ndo tukarudi kumuuliza dada wa Sengerema, akasoma kikaratasi chake, kumbe yule mama alikuwa anaanika dagaa anapeleka soko la Mwaloni Kirumba, na bati zilinunuliwa kwa hela ya dagaa, na risiti ya bati anayo! Risiti anayo na sisi hatukuuliza. Sasa kama haimo kwenye petisheni siku ya ushahidi utaanza kubanwa, umefungwa na ulichoandika mwenyewe.

Petisheni yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tisa, ya mwisho nne na ina vitu vingi zaidi. Sijui nielezeje hiyo hesabu ila ndo hivyo.

Kuna utaratibu mwingine niliupenda sana. Ukimaliza kuandika, karatasi yako anapewa jirani yako, na yeye kwa nusu saa anakuwa wakili wa upande wa pili, kazi yake kutafuta pingamizi. Kila tundu analoliona anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Mahakama imetajwa sawa? Mamlaka ya mahakama yameonyeshwa? Thamani ya shauri ipo? Chanzo cha madai kimetokea lini, na kipo ndani ya muda? Wa mkataba ana miaka sita, wa madhara ana mitatu, wa ardhi kumi na mbili. Uthibitisho mwishoni umesainiwa, unasema aya zipi mteja anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa? Nani aliyeandaa, jina na anwani yake viko wapi? Unakuta mtu ameandika vizuri kurasa tano kasahau kusaini. Mwanzoni watu walikuwa wanaoneana aibu, unamchuna mwenzio tu kidogo, mpaka wiki ya nne ndo tukaanza kuchinjana kweli, na ndo tukaanza kupona.

Kwenye viapo alikaa wiki mbili nzima na mimi ningekuwa tayari akae hata nne. Anachora ubaoni sentensi ishirini anatuambia tuseme kila moja ni nini, ni ukweli, ni ombi, ni hoja ya sheria, au ni maoni. Hii inatoka kwenye ile kesi ya Uganda ya 1966, ya Matovu, inayosema kiapo ni mbadala wa ushahidi wa mdomo kwahiyo kibebe mambo ambayo shahidi anayajua, kisibebe hoja wala maombi. Rahisi ukiisikia, ila jaribu hii: "Mwombaji alichelewa kwasababu za msingi." Nusu ya darasa tulisema ukweli. Sio ukweli, ni maoni, hizo sababu kuwa za msingi au la ni mahakama itasema, wewe sema alilazwa kuanzia lini mpaka lini na karatasi ya kuruhusiwa hii hapa. Na siku yoyote ambayo haina maelezo ni tundu. Alituambia tuchore mstari wa siku kwenye karatasi, kila siku na kilichofanyika, ukiona nafasi tupu mpigie mteja.

Kuna mtu akauliza, si siku hizi kuna ile kanuni ya oksijeni, marekebisho ya 2018, mahakama isikwame kwenye ufundi ufundi? Akasema ipo, na amewahi kuokolewa nayo, ila usiandike leo ukitegemea kuokolewa kesho, mteja amekulipa uandike vizuri.

Upande wa barua. Nilidhani hapa napumzika, barua ni barua tu. Kumbe.

Barua ya madai ya kwanza tuliambiwa tuandike kwa mtu aliyechukua injini ya mtumbwi kwa mkopo akalipa nusu akanyamaza. Watu tukaja na moto. Mmoja kaandika "tutahakikisha unaozea Butimba". Mama Wakili alikasirika, mara ya kwanza namuona amekasirika, akasema deni la injini ni la madai, ukimtisha mtu na jela ili alipe deni umejivunjia heshima wewe na taaluma yako, na huyo mdaiwa akiipeleka barua yako mahali utajibu. Akatuuliza, yule mvuvi anayeipokea barua hii anajua nini cha kufanya akimaliza kuisoma? Barua yangu ilikuwa kurasa mbili na mahali pa kulipia hapakuwepo, wala siku ya mwisho, niliandika "haraka iwezekanavyo". Ile aliyoipitisha mwishoni ni nusu ukurasa. Tarehe uliyochukua injini, bei mliyokubaliana, ulicholipa na kilichobaki, lipa ndani ya siku 14 kwa akaunti hii, usipolipa tutafungua shauri na kudai na gharama. Imeisha. Mtu wa darasa la saba anaisoma anaielewa.

Na hii nilikuwa sijui kabisa, yale maneno "bila kuathiri haki" ambayo watu tunayabandika juu ya kila barua tukidhani ni urembo wa kiwakili. Akauliza, hii barua utataka kuitoa mahakamani kuonyesha ulidai? Ndiyo. Sasa mbona umeiandikia maneno ya barua za mapatano, zile ambazo hazitakiwi kutolewa ushahidi? Darasa zima kimya. Nimeona hayo maneno kwenye barua za madai za ofisi kubwa tu.

Notisi ya siku 90 kwa Serikali tuliifanya kwa kutumia mfano wa mama ntilie aliyevunjiwa kibanda na halmashauri. Tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimeingia humo, lazima notisi, lazima nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na naye aunganishwe kwenye shauri, na shauri lenyewe ni Mahakama Kuu. Kuna watu bado wanakimbilia kwingine wanatupwa. Alisisitiza sana kwamba kile unachokidai kwenye notisi ndo kifanane na utakachodai kwenye hati ya madai, usije ukakumbuka masufuria miezi mitatu baadaye.

Ila barua iliyonitisha kuliko zote ni ya mistari minne. Barua kwa msajili wa mahakama kuomba nakala za mwenendo wa kesi, hukumu na dikrii (amri inayotokana na hukumu) unapotaka kwenda Mahakama ya Rufani. Umepeleka kusudio la rufaa ndani ya siku 30 za hukumu, sawa, una siku 60 za kuleta rufaa yenyewe, na nakala za mahakama zinaweza kuchukua miezi. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inasema huo muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi, ila kama tu uliomba kwa maandishi ndani ya siku 30 na ukampa nakala ya hiyo barua mwenzako. Usipompa nakala hiyo kinga hupati. Yani mtu ana rufaa nzuri, ana hoja za maana, inakufa kwasababu karani hakupelekwa na dispachi, lile daftari la kusainisha anayepokea barua, ofisi ya pili mtaa huohuo. Alituonyesha dispachi yake ya zamani, daftari jekundu limechakaa, kila mstari tarehe, saa, jina, saini, akasema hili daftari limeokoa rufaa nyingi kuliko hoja zake zote. Niliinuka nikaenda kulishika.

Lugha sasa, hili nalo lipo moyoni. Tangu ile Sheria namba 1 ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kujisikia, manake Februari mwaka huohuo pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na alikuwa Mahakama Kuu Musoma hapo. Ila kusoma tumesoma kwa Kiingereza, kwahiyo ukiambiwa andika kwa Kiswahili unajikuta unatafsiri kichwani na inatoka kitu hakieleweki, "mlalamikaji tajwa hapo juu ambaye hapa baadaye atajulikana kama", mteja wako mwenyewe umemsomea hajui unamuongelea yeye. Mama Wakili anafundisha zote mbili, kila hati unaiandika mara mbili. Na kwa Kiswahili anataka umsomee mteja kabla hajasaini, akishindwa kukurudishia kwa maneno yake urudi ukaandike. Yule kaka wa Magu alikuwa anatushinda wote hapo, hana digrii, lakini aya zake zilikuwa zimenyooka kama mtu anaongea na mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilikuwa naazima daftari lake.

Mapungufu yapo na nayasema. Chumba kina joto, dirisha moja, feni moja, ikifika saa sita unaandika huku jasho linadondokea karatasi. Watu 22 ni wengi kwa aina ile ya kufundisha, kuna Jumamosi mbili zamu yangu ya kusoma haikufika kabisa na mimi nimelipa sawa na wengine, kumi na tano wangetosha. Kazi unazotuma WhatsApp anachelewa kusahihisha, moja yangu ilikaa siku kumi na moja, naelewa ana kesi zake lakini basi asiahidi siku tatu. Upande wa kufaili kwa mtandao haukuguswa vya kutosha, siku hizi mambo yote ni e-CMS, mfumo wa mahakama wa mtandaoni, unaskani, unapakia, unapata kontrol namba unalipa, na hapo watu wanakosea sana, wanapakia kiambatisho cha kesi nyingine, wanachagua aina ya shauri siyo, sisi tulipewa nusu saa tu siku ya mwisho na intaneti ikakata. Ningependa pia awe na orodha ya maneno iliyochapwa, Kiswahili cha hati zote, kila mtu anasema lake, mmoja "hati ya kiapo" mwingine "afidaviti", mmoja "nafuu" mwingine "maombi", tulipoteza muda kubishana.

Mirathi aligusia juu juu. Kama unaenda kwa ajili ya mirathi subiri, amesema kundi lijalo ataongeza wiki mbili.

Nyota nne kati ya tano kwangu, na hiyo moja ni ya wingi wa watu.

Kama utaenda, jina unaandikisha palepale steshenari chini, unalipa M-Pesa unapewa risiti, awamu ya kwanza elfu hamsini. Beba daftari kubwa na kalamu nyekundu yako, kalamu zake huwa zinaisha. Laptopu acha nyumbani, wiki tano za kwanza hairuhusiwi, unaandika kwa mkono, na sababu yake utaielewa siku utakayotamani kukopi halafu hakuna pa kukopi. Fika saa mbili na nusu upate kiti cha dirishani. Chai ya mama wa chini ni mia tano, chapati nazo mia tano, na ikifika saa nne zimeisha.

Yule mzee maombi yake yalirudishwa upya na bado yanasubiri tarehe. Kiapo kipya nilikiandaa mimi baada ya wiki ya sita, nikamsomea chote amekaa mbele yangu, kwa Kiswahili, akanisimamisha sehemu moja akasema "hapo sio Jumatano, ilikuwa Alhamisi, nilikuwa natoka gulioni". Tukabadilisha. Pale chini pameandikwa Mwanza.